Makutano ya Bahari Mbili: Uhakiki wa Kitabu cha Dara Shikoh Kuhusu Yoga na Mazingatio ya Kiislamu

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mchungaji hulazimika kuyajibu pasipo kupewa muda wa kujiandaa limo hili: je, njia zote za kutafakari si moja? Huuliza msharika kijana anayefanya mazoezi ya yoga mjini. Huuliza mwanafunzi aliyesoma habari za Masufi. Pengine huuliza mzee wa kanisa ambaye jirani yake Mwislamu hukesha usiku wa Ramadhani akiisoma Qur'ani. Swali hilo si jipya. Zaidi ya karne tatu na nusu zilizopita, huko India, mwana wa mfalme aliliandikia kitabu na kulijibu kwa neno la ndiyo. Mwana huyo ni Dara Shikoh, na kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kiajemi mwaka 1655, huitwa Majma-ul-Bahrain, yaani Makutano ya Bahari Mbili.

Makala haya yanakusudia kukihakiki kitabu hicho kwa haki. Tutaonyesha kwanza kwamba mwandishi wake aliona jambo la kweli. Pili, kwamba alilinganisha vitu visivyolingana, na kuviacha vile ambavyo vingelingana. Tatu, kwamba aliwaandikia watu wachache, jambo ambalo mhudumu wa Neno hawezi kulipita kimya. Mwishoni tutauliza uhakiki huu unatudai nini sisi wenyewe, tulio na Kitabu na tusiokitafakari sana.

Kitabu na mwandishi wake

Dara Shikoh alizaliwa mwaka 1615, akiwa mwana mkubwa wa Shah Jahan, mfalme wa dola ya Wamughali aliyejenga Taj Mahal. Alilelewa ili akirithi kiti cha enzi, lakini moyo wake uliwaelekea mafakiri na wanazuoni kuliko majemadari. Alijiunga na twarika ya Qadiriyya chini ya Mulla Shah, mfuasi wa Mian Mir wa Lahore. Ndiyo twarika ambayo katika pwani yetu ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Dara alizungumza pia na watawa wa Kihindu, hasa Baba Lal, na mazungumzo yao yakahifadhiwa kwa maandishi.

Mwaka 1657, miaka miwili baada ya kitabu tunachokihakiki, alikamilisha kwa msaada wa wanazuoni wa Banaras tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi zipatazo 50, akaiita Sirr-i Akbar, yaani Siri Kuu. Mwaka huohuo baba yake aliugua, na ndugu wakaanza kupigania ufalme. Dara alishindwa vitani mwaka 1658, na mwaka 1659 aliuawa kwa amri ya ndugu yake Aurangzeb. Kiini cha ugomvi kilikuwa kiti cha enzi. Hata hivyo shitaka lililotangazwa lilikuwa la kuiacha dini, na ukaribu wake na Wahindu ukafanywa hoja dhidi yake. Kwa hiyo tunaposoma kitabu hiki tusikichukue kama mchezo wa mwana wa mfalme mwenye nafasi. Kilikuwa na gharama.

Jina la kitabu limetoka katika Sura ya 18 ya Qur'ani, ambamo Musa anasafiri mpaka zinapokutana bahari mbili. Katika sehemu fupi zipatazo 22, mwandishi anachukua istilahi za Wahindu na kuziweka ubavuni mwa istilahi za Masufi: asili za vitu, hisi, roho, sifa za Mungu, nuru, sauti, ufufuo, wokovu. Katika dibaji anaeleza kwamba alipowachunguza wajuzi wa pande zote mbili hakuona tofauti ila ya maneno tu. Hilo ndilo dai lake kuu, na kwa dai hilo atapimwa.

Alichokiona sawasawa

Ni lazima tukiri kwamba Dara hakuzua ukaribu anaousimulia. Waislamu wa India walikuwa wameushuhudia kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 11, al-Biruni alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali kuhusu yoga pamoja na ufafanuzi wake; na katika kitabu chake kikubwa juu ya India, cha miaka ya 1030, aliyataja mafundisho ya Masufi ubavuni mwa mafundisho ya Patanjali. Katika karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa twarika ya Shattariyya, aliandika kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Bahr al-Hayat, Bahari ya Uhai, chenye kueleza mikao ya yoga na namna ya kuishika pumzi. Nakala moja ya kitabu hicho, yenye picha za wanayoga, imehifadhiwa mjini Dublin.

Sehemu yenye nguvu zaidi katika Majma-ul-Bahrain ni ile inayohusu ibada za ndani. Hapo Dara anaeleza zoezi ambalo Wahindu huliita ajapa, dhikri isiyosemwa kwa ulimi. Kila kiumbe hai, asema, hutoa na kuingiza pumzi bila kukusudia, na katika pumzi hiyo mna maneno mawili yanayomtaja Mungu. Wahindu huyasikia kwa lugha yao, na Masufi huyasikia kama Hu na Allah, moja kwa pumzi iingiayo na lingine kwa pumzi itokayo. Vilevile anaifananisha silabi Om na lile Jina Kuu la Mungu ambalo Waislamu husema limefichwa.

Mtu aliyewahi kusikia zikri ya Wakadiria ikipanda na kushuka pamoja na pumzi za wasomaji hawezi kusema kwamba ufanano huu ni ndoto. Mwili wa mwanadamu ni mmoja. Atakayeketi kimya, akapunguza mwendo wa pumzi na kulirudia neno moja kwa muda mrefu, atakutana na mambo yanayofanana, awe Banaras, Lahore au Zanzibar. Dara aliona hivyo, akasema kweli.

Kosa la kulinganisha maneno

Hata hivyo kuna pengo kati ya ushahidi wake na hitimisho lake. Ufanano wa pumzi unathibitisha kwamba wanaopumua wanafanana. Hauthibitishi kwamba wanamsikiliza yule yule, wala kwamba wanatafuta kitu kile kile. Dara anapanga istilahi katika safu mbili kama mfanyabiashara anayelinganisha madaftari yake, na kila safu inapolingana anafurahi. Haulizi neno hilo linafanya kazi gani katika maisha ya mwenye kulitumia.

Zaidi ya hayo, katika Uislamu alichokiweka karibu na yoga ni dhikri, yaani kulitaja jina la Mungu kwa kurudia. Lakini Qur'ani inawadai wasomaji wake jambo jingine pia, ambalo kwa Kiarabu huitwa tadabbur, na ambalo Waislamu wanaozungumza Kiswahili huliita mazingatio. Neno hilo latokana na mzizi wenye maana ya nyuma au mwisho wa jambo: kuyafuata maneno mpaka yanakoishia. Sura ya 4 aya ya 82, Sura ya 38 aya ya 29 na Sura ya 47 aya ya 24 zinalitaja, na aya hiyo ya mwisho inawalaumu wasiozingatia kana kwamba mioyo yao imefungwa kwa kufuli. Huku ni kuutafakari ujumbe, na mazingatio haya ndiyo yanayopaswa kuwekwa mbele ya yoga ikiwa ulinganisho utakuwa wa haki.

Mwalimu mkubwa wa jambo hili ni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Kitabu cha 8 kati ya vitabu 40 vya Ihya yake kinahusu adabu za kuisoma Qur'ani, na ndani yake anataja matendo kumi ya moyoni. Msomaji ayatambue makuu ya maneno na ya Msemaji wake, ahudhurishe moyo, azingatie, afahamu. Aviondoe vizuizi, ajihesabu kuwa yeye binafsi ndiye anayesemeshwa, aguswe na kila aya kwa kadiri ya maana yake. Apande kutoka daraja hadi daraja, kisha azikane nguvu zake mwenyewe. Katika kueleza kuguswa, al-Ghazali hamwachii msomaji nafasi ya kubaki mtulivu. Panapotajwa adhabu aogope, panapotajwa rehema afurahi, panapotajwa utukufu wa Mungu ainame.

Sasa tumtazame Patanjali. Katika sutra zake zipatazo 195 anaifafanua yoga, tangu mwanzo kabisa, kuwa ni kuyakomesha mageuko ya nia. Ngazi zake nane zaanza na miiko na maadili, zikapitia mkao, pumzi na kuziondoa hisi katika vitu vya nje, zikaishia katika kuikaza nia, kutafakari, na samadhi, ambamo nia humezwa na kile inachokitafakari. Tofauti yajitokeza bila kulazimishwa. Mmoja aitaka nia ituliwe kama maji yasiyo na wimbi. Mwingine autaka moyo upigwe na mawimbi ya kila aya. Dara alizikutanisha bahari mbili, lakini hakutuambia kwamba katika moja nahodha anaomba shwari na katika nyingine anaomba upepo.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa jambo hili. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad alisimama usiku kucha akiirudia aya moja tu, ya 118 ya Sura ya 5. Kwa nje ni marudio kama marudio ya mwanayoga. Lakini aya hiyo ina nini? Ni maneno ambayo Qur'ani inayatia kinywani mwa Isa, akiwaweka watu mbele za Mungu aliye na uwezo wa kuwaadhibu na wa kuwasamehe. Anayeirudia aya hiyo hatafuti ukimya. Anasihi, na yuko watu wengine katika kusihi kwake. Patanjali naye anafundisha kuirudia Om na kuitafakari maana yake, na matunda anayoyataja ni kwamba fahamu hugeukia ndani na vizuizi huondoka. Mdomo unafanya kazi ileile. Lakini mmoja anamgeukia Bwana kwa ajili ya watu, na mwingine anaingia ndani ya nafsi yake.

Pingamizi mbili

Uhakiki huu unaweza kupingwa kwa njia mbili, na zote mbili zina uzito.

Pingamizi la kwanza latoka kwa al-Ghazali mwenyewe. Katika kueleza kupanda daraja anasema kwamba msomaji wa daraja la chini hujiona kana kwamba anamsomea Mungu. Wa daraja la kati huona kana kwamba Mungu ndiye anayesema naye. Na wa daraja la juu humwona Msemaji katika maneno, akasahau nafsi yake na usomaji wake. Daraja hilo la juu halipo mbali na samadhi. Tukubali hivyo. Lakini tuangalie jinsi lilivyofikiwa: msomaji amepita ndani ya maneno, ameyafahamu, ameyatii, ameyalilia, na hata juu kabisa ni Msemaji anayeonekana. Neno halikuwa ganda la kutupwa baada ya kuila punje.

Pingamizi la pili latoka upande wa Wahindu, nalo ni kubwa zaidi. Yoga ya Patanjali si dini yote ya Kihindu. Ndani ya ngazi zake kuna svadhyaya, ambayo wafafanuzi wa kale walieleza kuwa ni pamoja na kuyasoma maandiko yaletayo wokovu. Na katika Brihadaranyaka Upanishadi, Yajnavalkya anamfundisha mkewe Maitreyi kwamba Nafsi yapasa kusikiwa, kuwazwa na kutafakariwa. Wanazuoni wa Vedanta walijenga juu ya mafundisho hayo njia yenye hatua tatu: kulisikia andiko kwa mwalimu, kulipima kwa akili, kisha kuzama ndani yake. Hapa ndipo tunapokutana na ndugu wa kweli wa mazingatio: kuna andiko, kuna kusikia, kuna kufahamu.

Pingamizi hili linamhukumu Dara na pia linamtetea. Linamhukumu kwa kuwa katika kitabu cha 1655 aliushika ufanano wa juujuu na kuuacha ulio imara. Linamtetea kwa kuwa miaka miwili baadaye, katika Sirr-i Akbar, aliacha kupanga istilahi akaanza kusoma maandiko. Alidai hata kwamba Upanishadi ndizo kile kitabu kilichofichwa kinachotajwa katika Sura ya 56. Dai hilo ni gumu kulikubali, kwa Mwislamu na kwa Mhindu pia, lakini kazi iliyofanywa ni kubwa kuliko dai lenyewe. Tafsiri hiyo ilifasiriwa tena kwa Kilatini na Anquetil-Duperron, ikachapishwa mwaka 1801 na 1802, na kwa njia hiyo Upanishadi zikamfikia Schopenhauer. Mtu akitaka kumjua Dara aliyekomaa na amsome huko.

Kitabu kisicho cha watu wote

Kasoro nyingine tunayoiona si ya ulinganisho, ni ya uchungaji. Katika dibaji yake Dara anasema wazi kwamba ameandika kwa ajili ya watu wa nyumba yake, na kwamba hana shughuli na watu wa kawaida wa jumuiya yoyote kati ya hizo mbili. Huenda kulikuwa na busara ya kujilinda katika maneno hayo, kwa kuwa mahakimu wa dini walikuwa karibu. Lakini maneno hayo yameitia alama hoja yote. Umoja anaoutangaza ni umoja wa wajuzi walio kileleni. Walio bondeni, wale wanaosali, wanaofunga, wanaopeleka maua hekaluni, wanaachwa na tofauti zao na ugomvi wao.

Hapo Dara anakwenda kinyume na Kitabu chake mwenyewe. Lawama ya Sura ya 47 haikuelekezwa kwa Masufi wachache. Mwito wa kuzingatia umewekwa wazi kwa kila anayesikia. Nasi tuliolelewa katika Katekisimo Ndogo tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Martin Luther aliiandika mwaka 1529 baada ya kuzikagua sharika na kuuona ujinga wa wakulima na wachungaji wao, akamtaka baba mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa urahisi. Kweli isiyoweza kufundishwa jikoni, Luther hakuihesabu kuwa imekwisha kufundishwa.

Yale tunayodaiwa sisi

Uhakiki wa kitabu cha wengine hauna faida ukituacha tumejisifu. Katika dibaji ya mwaka 1539 ya maandiko yake ya Kijerumani, Luther aliifuata Zaburi ya 119 akataja mambo matatu yanayomfanya mwanatheolojia: sala, kutafakari na majaribu. Kutafakari alikueleza kwa namna inayoweza kumshangaza msomaji wa siku hizi: si kwa moyo tu, ila kwa kinywa pia, kwa kulisoma na kulisoma tena neno lililoandikwa, na alionya dhidi ya mtu anayedhani kwamba mara moja au mbili zatosha. Msingi wake ulikuwa kwamba Mungu hatoi Roho wake pasipo Neno lisikikalo kwa nje. Neno la Kiebrania katika Zaburi ya 1 linakubaliana naye, kwa maana hagah latumika pia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake katika Isaya 31:4, na kwa hua anayelia katika Isaya 38:14. Kutafakari kwa Biblia kuna sauti.

Tukisimama hapo, tunaweza kuwajibu waulizaji wetu. Kwa kijana wa yoga, tusimtishe kwa jambo la kunyoosha viungo. Hata Waislamu wamelipambanua: mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu kwa ajili ya ibada na maneno yaliyochanganywa nayo, na mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia likaruhusu ile iliyo mazoezi ya mwili tu. Wengine wataona mipaka hiyo ni migumu, wengine ni milegevu, lakini swali lililoulizwa ni la haki: mwili ukishatulia, moyo unamsikiliza nani? Kijana apewe swali hilo, kisha aonyeshwe Zaburi. Asipoonyeshwa, atakwenda kutafuta ukimya mahali pengine, na hatuna haki ya kumlaumu.

Kwa mzee ambaye jirani yake anakesha na Qur'ani, tusimwambie kwamba yule anapayuka tu. Kitabu ni kingine, na ungamo letu juu ya Kristo tusilifiche. Lakini msomaji anayesimama mbele ya aya moja mpaka alfajiri anatufundisha jinsi kitabu kinavyosomwa. Al-Ghazali anataja miongoni mwa vizuizi vya ufahamu ule uangalifu wa kupita kiasi katika kuzitamka herufi, unaomfanya msomaji asahau maana. Wanafunzi wetu wa Kigiriki na Kiebrania wanakijua kizuizi hicho, na walimu wao pia. Andiko laweza kuchambuliwa tangu kitenzi cha kwanza hadi kiunganishi cha mwisho, likapanda mimbarini Jumapili pasipo kumwogopesha wala kumfariji yule aliyelichambua.

Hitimisho

Dara Shikoh aliuliza kama maji ya bahari mbili ni mamoja, akayaonja kwa ulimi na kusema ni mamoja. Swali linalofaa zaidi ni juu ya mikondo: maji hayo yanampeleka msafiri wapi? Yoga ya Patanjali inampeleka kwenye utulivu wa fahamu. Mazingatio yanampeleka mbele za Msemaji, akiwa anatetemeka na kutumaini. Kutafakari kwetu kunampeleka katika jambo la tatu la Luther, majaribu, ambamo Neno lililorudiwa kinywani huthibitika au huonekana kuwa maneno matupu. Mchungaji anayeitwa usiku kwenye nyumba ya msiba hana nafasi ya kutafuta mkao wala kufungua kamusi. Atakuwa na Zaburi ile tu aliyokwisha kuirudia mpaka ikamzoea, na watu waliokaa chini kwenye mikeka watajua mara moja kama anayo au hana.